Nikilia Nitalia kwa Kizigua

Mwanangu Mariamu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Nimekuona sasa hivi ukitoka na mama yako kwenda kumuaga mama yako mdogo kule ng'ambo ya reli. Umevaa gauni jipya, na viatu umevishika mkononi visije vikachafuka kabla ya safari. Mimi nimebaki kizingitini, ubao magotini, naandika kabla jua halijazama.

Kesho unapanda treni ya Moshi kwenda kusomea ualimu. Habari za sanduku, chakula cha njiani na nani atakupokea stesheni, mama yako amezisema wiki nzima. Mimi sizirudii. Nina jambo jingine, na ningekwambia kwa mdomo, ila unanijua. Nikisema jambo zito Kiswahili kinanikwama, wewe unanisahihisha kwa macho, mimi naona, tunacheka, na jambo lenyewe linapotea. Kwenye karatasi hakuna anayeniona nikikwama.

Nataka kukusimulia safari yangu ya Kang'ata, kijijini kwa kina mama yako. Umeisikia vipande vipande, kila mama yako anapotaka kunichokoza mbele ya wageni. Yeye hupenda kusimulia pale pa kuchekesha tu. Leo nitakusimulia na pale pengine.

Nilipotoka Unyamwezi kuja kukata mkonge huku Korogwe nilikuwa kijana, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza. Kambini tulikuwa watu wa kila upande: Wabena, Waha, Wangoni, sisi wa magharibi. Kiswahili chetu kilitutosha kugawana chumvi na kugombania zamu ya kisima. Tulisema "mtu yangu" na "kitu hii", na hakuna aliyeshangaa, maana sote tulikuwa wageni katika lugha hiyo.

Aliyeshangaa alikuwa karani wa ofisi ya shamba, mtu wa Tanga mjini. Siku moja nilikwenda dirishani kwake kuomba ruhusa ya kumpeleka mwenzangu hospitali. Nikasema naomba "luhusa". Akaweka kalamu chini.

"Luhusa ndiyo nini? Hiyo labda iko huko kwenu. Hapa tuna ruhusa."

Nikajaribu tena. Ikatoka ile ile. Watu waliokuwa kwenye mstari wakacheka, hata wale waliokuwa wakisema kama mimi. Ruhusa alinipa, sikatai, lakini tangu siku hiyo nilipofika kwenye dirisha lile nilipunguza maneno. Nilionyesha kwa kidole. Nikaapa kwamba nikipata mtoto, huyo hatachekwa dirishani na mtu yeyote.

Mama yako nilimkuta gulioni, akiuza njugu. Alikuja na shangazi yake, wakafikia kwa ndugu zao hapa Korogwe. Kiswahili chake nacho kilikuwa cha kuazima. Kizigua hakina "r" kama vile Kinyamwezi changu kisivyokuwa nayo, basi aliponiambia "kalibu" nilihisi nimefika nyumbani. Tulichumbiana kwa maneno machache sana, Mariamu. Nadhani ndiyo maana tulisikilizana vizuri. Mtu mwenye maneno machache hawezi kuyatumia kwa uongo. Nikaenda kwao na mshenga, nikatoa nilichotakiwa, tukaoana. Yeye Mwislamu, mimi kwetu tuliabudu mizimu na baadaye nikafuata dini yake. Jina lako tulilichagua kwa sababu linatamkika na majirani wa kanisani na wa msikitini, ingawa sote wawili tulikuita "Maliamu" mpaka ulipoanza shule ukatukataza.

Ukazaliwa. Ukatambaa mapema, ukatembea mapema. Ila hukusema.

Wenzio wa kambini walikuwa wanatukana tayari, wewe kimya. Ulitazama. Ukitaka kitu ulinivuta suruali ukanipeleka. Watu wakaanza kusema. Jirani mmoja alimwambia mama yako mtoto amekatwa ulimi na mashetani ya reli. Mimi nikampelekea habari yule yule karani, maana ndiye aliyekuwa amesoma kuliko wote niliowajua. Hakunicheka safari hii. Alinihurumia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nilimwamini.

"Nyumbani mnasema lugha gani?" akaniuliza.

Nikamwambia mama anasema Kizigua, mimi nasema Kiswahili, nikichoka Kinyamwezi.

"Basi mnamchanganya mtoto. Kichwa chake kidogo, mnamimina lugha tatu. Chagueni moja. Chagueni Kiswahili, ndiyo lugha ya shule na ya serikali."

Nikarudi nyumbani na sheria. Nilimwambia mama yako tangu leo humu ndani ni Kiswahili peke yake. Akaniuliza, "Hata nikimbembeleza?" Nikasema hata ukimbembeleza. Akaniuliza, "Nitambembeleza kwa wimbo gani?" Nikasema utajifunza.

Alijaribu, mwanangu. Unamjua mama yako leo, anavyoweza kusimama mlangoni akaongea na watu watatu kwa mpigo na wote wakaondoka wanacheka. Miezi ile hungemtambua. Kwa Kiswahili hakujua kutania. Hakujua kugombeza vizuri. Alianza sentensi, akafika katikati, akaiacha. Akawa anakuogesha kimya, anakulisha kimya. Nyumba ikawa na maneno ya kazi tu: lete, weka, funga, njoo. Mimi nikaona ni adabu imeingia. Nilifurahi, nakwambia kweli, nilijiona mwanamume anayejua kuendesha nyumba.

Siku moja nilirudi kutoka shamba nikamkuta anaepua chungu cha kunde. Kitambaa kikateleza, maji ya moto yakamwagika mkononi. Akapiga kelele, akaanza kulia kwa maneno, kama watu wanavyolia, anamwita mama yake, kwa Kizigua.

Mimi nikasema, "Sema Kiswahili, mtoto anasikia."

Nayaandika hivyo hivyo nilivyoyasema. Mkono wake unafuka moshi na mimi namwambia aseme Kiswahili.

Alinyamaza papo hapo. Akanitazama kwa muda, kama anatazama mtu aliyekosea nyumba. Mimi nikatafuta asali ya kumpaka, nikampaka, akakubali, hakusema neno kwa lugha yoyote. Kesho yake niliporudi kazini nyumba ilikuwa imefagiliwa, moto umezimwa, na ninyi wawili hampo.

Nilijikaza. Nikajiambia atarudi mwenyewe. Wenzangu waliniuliza, nikasema amekwenda kumsalimu mama yake. Chumba chetu cha kambini unakijua, ukuta na ukuta na jirani. Niliwasikia watoto wa watu wakiita baba zao. Nikavumilia mpaka siku za kazi za kipande changu zilipotimia, nikaomba likizo, nikadandia lori la mahindi mpaka Handeni, kutoka hapo nikashika njia kwa miguu kwenda Kang'ata.

Babu yako, Mzee Mhina, alikuwa amekaa uani anasuka kamba. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, marahaba, halafu akaendelea kwa Kizigua. Kwa kirefu. Sikuelewa ila jina la mama yako, Mwanaidi. Nikamwomba aseme Kiswahili. Akanijibu kwa Kizigua. Na Kiswahili alikijua vizuri mno, Mariamu. Alikuwa amefanya kazi na Wajerumani na Waingereza, na mahari yangu tulikuwa tumeizungumza kwa Kiswahili. Nikaelewa kwamba mama yako ameshamsimulia.

Hakunifukuza. Nilipewa maji ya kuoga, nikapewa chakula, nikaonyeshwa pa kulala. Mama yako alinisalimu kwa heshima, mkono wake umefungwa jani, akaingia ndani kwa wanawake. Wewe ulikuja ukanivuta suruali. Nilikubeba nikakaa nawe nje, na pale ndipo nilipojua nimekwama: siwezi kuondoka bila ninyi, na siwezi kuwaomba, maana kila aliyekuwa mle uani alinisemesha kwa lugha ambayo sikuwa nayo.

Basi nikakaa. Asubuhi nilikwenda nao shambani kuvuna, jioni nilikaa na bibi yako tukipukuchua mahindi. Bibi yako alikuwa na huruma kuliko mzee. Anashika kitu, anakitaja, ananingoja. Gunzi. Ungo. Jivu. Mimi nataja, yeye anacheka mpaka anafuta macho, anataja tena. Vitoto vya jirani vilikuja kunisikiliza kama ngoma. Mimi, mtu mzima mwenye mke, nilikuwa najifunza kuomba chumvi.

Na nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Siku za mwanzo nilikuwa sielewi kitu. Halafu nikaanza kuelewa, nikaelewa mengi, nikajua wanapomzungumzia ng'ombe aliyepotea na wanaponizungumzia mimi. Lakini sikusema. Maneno nilikuwa nayo, yamejipanga, ila nikifungua mdomo naogopa litatoka lipi. Nikanyamaza. Nikasikia mke wa shemeji yangu mmoja akimwambia mwenzake kwamba huyu mume wa Mwanaidi ni mzuri, ila hana akili sawasawa. Nilielewa kila neno, na sikuweza kumjibu.

Nikakutazama wewe, umekaa mavumbini na gunzi lako, unatazama midomo ya watu. Nikajiuliza, je, na huyu naye yumo humo humo nilimo mimi?

Jibu lilikuja kwa kiu tu. Ilikuwa mchana, jua kali, bibi yako amekaa karibu na mtungi. Ukamwendea, ukamshika goti, ukasema, wazi kabisa: "Mazi."

Bibi akaacha alichokuwa anafanya. Mazi ni maji kwa Kizigua, sina haja ya kukwambia. Akaita watu. Mama yako akatoka ndani mbio. Bibi akakupa kata ya maji, ukanywa, ukaona watu wote wamekuzunguka. Ukageuka ukanijia mimi, ukanishika suruali, ukaninyooshea ile kata, ukaniambia, "Minzi."

Hakuna aliyejua hilo ni neno gani isipokuwa mimi. Ni maji, kwa lugha ya kwetu. Ulikuwa unanikaribisha maji kwa Kinyamwezi.

Mama yako akaniuliza, kwa Kiswahili, ndiyo mara ya kwanza tangu nifike: "Kasema nini?"

"Kasema maji. Kikwetu."

"Nani kamfundisha?"

Nilitaka kusema sijui. Kisha nikakumbuka jioni zote nilizokuogesha nikitoka kazini, mwili umechoka, nakumwagia maji na kunung'unika maneno aliyokuwa akinung'unika mama yangu. Sikujua kwamba nasema. Lugha ya mtu ilivyo, hutoka hata akijifunga mdomo.

"Nadhani ni mimi," nikasema.

Akanitazama. "Kwa hiyo mimi ulininyima yangu, na ya kwako ulikuwa ukimpa?"

"Sikujua, Mama Mariamu."

"Hukujua," akasema. "Mimi nilikuwa najua. Kila siku nilijua ninachokinyamazia."

Akaingia ndani. Hakuna aliyenitetea, na sikustahili kutetewa. Wewe ulikuwa bado umenishikia ile kata. Nikanywa.

Unaelewa ulichokifanya? Watu walisema kichwa chako kimevurugika. Kumbe ulikuwa unapanga. Hili la huyu, hili la yule. Ulikaa kimya mpaka ulipokuwa na hakika nani apewe lipi, na ulipofungua mdomo hukumkosea mtu. Jioni ile ile ulimwambia mchuuzi mmoja aliyepita na kanga, "Maji," na hapo Mzee Mhina alipiga paja lake kwa kicheko.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya maji niliamka mapema nikamkuta mzee uani. Nikaona nikingoja niwe hodari nitazeekea Kang'ata. Nikapiga magoti. Nikamwambia kwa Kizigua, kwa kile kidogo nilichokuwa nacho, kwamba nimekosa, kwamba nilimfunga mdomo binti yake, kwamba naomba nimchukue mke wangu na mtoto wangu turudi nyumbani. Nililala nikiyapanga maneno hayo. Nikayasema yote bila kukwama. Nilipofika mwisho nikaona uso wa mzee unacheza, midomo imebanwa. Nyuma yangu mtu akacheka kwa pua. Halafu ua mzima ukalipuka.

Hapo ndipo mama yako hupenda kusimulia. Neno la kuchukua nililolichagua ni lile bibi yako alilonifundisha tukirudi na kuni. Nilikuwa nimemwomba mzee ruhusa ya kujitwika mama yako kichwani, na mtoto nimfunge kamba.

Mama yako alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango kwa ule mkono mgonjwa, akasema "aah" kwa maumivu, na akaendelea kucheka. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu nilete ile sheria yangu. Nikacheka na mimi, nikiwa bado nimepiga magoti, na machozi yakanitoka, na watu wakafikiri ni ya kucheka.

Mzee Mhina akafuta macho, akaniambia kwa Kiswahili safi kuliko cha karani: "Inuka, mkwe wangu. Mzigo huo mzito, shingo yako haitaweza. Mwulize mwenyewe kama atatembea."

Nikamwuliza. Mama yako akasema, "Nitarudi. Mtoto nitamsemesha ninavyojua mimi, nawe msemeshe unavyojua wewe. Kiswahili atakisikia kambini, kimejaa. Na nikilia, Baba Mariamu, nitalia kwa Kizigua."

Nikasema sawa. Tukarudi, yeye akitembea mbele.

Mengine unayakumbuka mwenyewe. Unakumbuka darasa la kwanza, mwalimu alivyokurudisha na neno "rafiki" ukalifanyie mazoezi. Tulikaa watatu mbele ya taa, mama yako, mimi na wewe, tukinguruma kama gari la moto. Sisi tulishindwa. Wewe ulipata siku ya pili, ukawa unazunguka nyumba nzima ukisema rafiki, rafiki, rafiki, na mama yako akaniambia pole pole, "Huyo sasa ametupita." Sikusikia uchungu katika sauti yake. Kulikuwa na kitu kingine, kama anayemtazama mtoto wake akipanda mti mrefu.

Na nikakupeleka kwenye lile dirisha, nadhani hukujua kwa nini. Nilikutuma uombe ruhusa yangu ya siku moja. Ukaiomba, herufi zote mahali pake. Karani hakushangaa wala hakukumbuka chochote. Aliandika tu. Nilikuwa nimengoja siku hiyo miaka, na ilipokuja ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilijicheka njia nzima.

Huko unakokwenda watakuwako wasichana wa Tanga na Pangani, wa Upare, wa Uchagani. Kiswahili chako ni kizuri, lakini kina Kang'ata ndani yake, na kuna atakayekisikia. Atakuchekea neno fulani. Utaona haya, nami siwezi kukuzuia kuona haya, mimi niliyeonyesha kwa kidole. Nakuomba tu usinyamaze muda mrefu kama nilivyonyamaza mimi. Na Kiingereza utakisoma mpaka uote ndoto kwacho, na kisome. Sina hofu kwamba kitatusukuma sisi nje ya kichwa chako. Nilikuwa na hofu hiyo hiyo juu ya lugha ya mama yako, na niliona kwa macho yangu jinsi ulivyo na nafasi humo ndani.

Siku moja utasimama mbele ya watoto. Huko Handeni kwa kina mama yako huenda wakakupa shule ambayo mtoto wa Kimasai ameketi na wa Kizigua na wa manamba wa mkonge. Kutakuwa na mmoja asiyesema. Wenzake watakwambia huyo bubu, mwalimu, huyo mjinga. Sina la kukufundisha kuhusu kazi yako. Ila ukimwona mtoto huyo, mkumbuke baba yako akipukuchua mahindi kwa bibi, anaelewa kila kitu, hawezi kusema kitu. Mkalishe karibu. Mpe muda.

Naona kiza kinaingia na ninyi bado hamjarudi, bila shaka mama yako mdogo amewakatalia kuondoka bila kula. Nimalize.

Utuandikie. Andika kwa Kiswahili, nitasoma. Lakini mama yako hajui kusoma, na barua ya Kiswahili nikimsomea ataisikia kama habari za mtu mwingine. Kwa hiyo kila mara mwishoni mtilie mistari yake ya Kizigua. Najua hukufundishwa kukiandika, hakuna aliyekufundisha, andika unavyosikia. Mimi nitamsomea. Nitayatamka vibaya. Atanikatiza, atasema hapana, Baba Mariamu, mtoto wangu hasemi hivyo, anasema hivi, na atalisema lile neno mwenyewe, kwa sauti yako. Hivyo ndivyo tutakavyokuwa nawe humu ndani mpaka likizo.

Nenda salama, mwanangu.

Ni mimi baba yako,
Masanja